Anzia kwenye pipa, si kwenye mkasi: kufundisha wanafunzi kutumia vitu tena

Miradi mingi ya shule ya kutumia vitu tena inafanana. Chupa ya plastiki inakatwa, inapakwa rangi, inabandikwa vipande vya karatasi ya kung'aa na kuwekwa dirishani iwe chombo cha maua. Baada ya wiki tatu imefifia na kujaa vumbi, inatupwa. Kabla ya somo ilikuwa plastiki safi, ambayo mkusanya chupa angeipokea. Sasa imeshikana na gundi na rangi, na hakuna anayeitaka. Gundi na rangi zenyewe zilinunuliwa mpya kwa ajili ya kazi hiyo, kwa hiyo ukipima kwa uaminifu utakuta somo limeongeza taka.

Swali la kuuliza kabla mtu hajashika mkasi ni hili: kitu tunachotengeneza kitachukua nafasi ya kitu gani ambacho vinginevyo kingenunuliwa? Daftari la karatasi zilizobaki linachukua nafasi ya daftari la rafu. Kishikio cha penseli fupi kinachelewesha kununua penseli mpya. Pambo halichukui nafasi ya kitu. Sisemi mapambo yapigwe marufuku, ila yahesabiwe kuwa somo la sanaa, wala yasiingizwe kwenye ripoti ya kupunguza taka.

Kupima pipa kwanza

Ukaguzi wa taka unahitaji darasa moja na siku tano za masomo mfululizo. Epuka wiki ya kwanza ya muhula, wakati kila kitu bado kipya, na wiki ya mitihani, wakati karatasi hufurika kuliko kawaida. Vifaa ni turubai la mita 2 kwa 3, glavu, vijiti vya kuchambulia, ndoo saba na mizani ya kuning'iniza inayoonyesha tofauti ya gramu 50 au ndogo zaidi. Makundi saba yanatosha: karatasi iliyotumika upande mmoja, karatasi iliyotumika pande zote, mabaki ya chakula na majani, plastiki ngumu, plastiki laini, metali na glasi, kisha mengineyo. Ukiongeza makundi wanafunzi wanaanza kubishana kuhusu kila kipande, na saa moja inakwisha mkiwa mmefikia nusu ya pipa.

Mapipa ya vyooni, ya huduma ya kwanza na ya maabara hayahusiki kabisa. Hata pipa la darasani, mwalimu alimwage mwenyewe na kulipitia kwanza kutafuta wembe, sindano na glasi iliyovunjika. Baada ya kazi kila mtu anawe kwa sabuni, hata aliyevaa glavu.

Chombo kipimwe kikiwa kitupu na uzito wake uandikwe ubavuni. Ni jambo dogo linalosahaulika, na likisahaulika namba za plastiki laini huharibika kabisa, maana ndoo ni nzito mara nyingi kuliko vifungashio vyote vilivyomo.

Kosa la pili ni unyevu. Karatasi iliyolala chini ya mabaki ya chakula hunywa maji, na uzito wake unaweza kuzidi mara mbili. Darasa litajiona linatupa karatasi nyingi kumbe linapima maji. Dawa yake ni kuweka vyombo viwili tangu asubuhi ya siku ya kwanza, kimoja cha taka mbichi na kimoja cha kavu, ili uchambuzi wa mchana usianze na rojo.

Tena, kilo peke yake hudanganya. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu chache tu, lakini chupa kumi na tano zinakaribia kujaza ndoo. Andika vipimo viwili, uzito kwa gramu na ujazo kwa ndoo za lita 20 bila kushindilia. Uzito utaonyesha kuwa tatizo ni mabaki ya chakula, ujazo utaonyesha kuwa tatizo ni plastiki, na yote mawili ni kweli, kwa sababu mabaki ndiyo yanayonuka na plastiki ndiyo inayojaza pipa kabla ya saa sita. Jingine ni kwamba watoto wanaojua wanapimwa hujizuia kutupa. Siku ya kwanza iandikwe, lakini wastani uchukuliwe kwenye siku nne zinazofuata.

Hesabu ya karatasi inafaa kufanywa ubaoni. Karatasi 16 za A4 zinatimiza mita moja ya mraba, na karatasi ya kawaida ya kuchapia ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo karatasi moja ni gramu 5, na karatasi 200 ni kilo 1. Darasa likitupa kila siku karatasi 60 zilizotumika upande mmoja, kwa wiki ni karatasi 300, yaani kilo moja na nusu, zenye pande 300 ambazo hakuna kalamu iliyozigusa. Hizo ni madaftari kumi ya karatasi 30. Mwanafunzi aliyefika kwenye namba hiyo kwa kuhesabu mwenyewe hahitaji bango la kumhimiza.

Halafu kwa kila kundi liulizwe limefikaje hapo. Mara nyingi jibu halina uhusiano na kutumia tena. Penseli ndefu zikionekana pipani, tazama vichongeo: wembe butu huvunja risasi ndani ya mti, mtoto anachonga tena na tena, penseli inaisha kwa siku mbili. Kichongeo kipya kimoja kinaokoa penseli nyingi kuliko mradi wowote wa vishikio. Karatasi za upande mmoja zikizidi, huenda mashine ya kuchapia ya ofisini haijawekwa kuchapa pande mbili. Hapo anayehitaji somo ni ofisi.

Pipa liko wapi, na nani analimwaga

Chombo cha karatasi kikikaa kona ya mbele na pipa la kawaida mlangoni, kila kitu kitaishia mlangoni. Viwekwe bega kwa bega, mahali pamoja, visitenganishwe hata kwa hatua mbili. Kifuniko cha chombo cha karatasi kikatwe ufa wa upana wa sentimita 3, na cha chupa kikatwe tundu la duara la sentimita 10. Umbo la tundu humzuia mkono wenye haraka kuliko maandishi. Kama mnataka lebo, bandikeni vitu vyenyewe juu ya chombo: kipande cha karatasi, kifuniko cha chupa, kifungashio. Neno "plastiki" halimsaidii mtoto wa darasa la pili aliyeshika boksi la juisi, ambalo kwa kweli ni karatasi, plastiki na mara nyingi aluminiamu zilizobanwa pamoja. Hilo liende kwenye mengineyo, labda kama mnajua mtu anayelipokea.

Kinachoua miradi hii kuliko kitu kingine ni jioni. Wanafunzi wametenganisha siku nzima, kisha anayefanya usafi anamwaga vyombo vyote kwenye gunia moja, kwa kuwa hakuna aliyemwambia na ana magunia mawili tu. Siku wanafunzi wakiona hivyo mradi umekwisha, na hawatakuambia; wataacha tu. Basi mfanyakazi wa usafi awe mtu wa kwanza kukaa naye, kabla ya mkutano wa walimu. Aulizwe ana magunia mangapi, humwaga saa ngapi, mkokoteni wake unabeba nini. Mara nyingi yeye anajua yaliyomo pipani kuliko ukaguzi wa siku tano utakavyoonyesha.

Daftari la kurasa zilizogeuzwa

Hii ndiyo kazi ya kuanza nayo, kwa sababu inatumia taka iliyo nyingi na kitu chake kinatumika kesho yake. Kosa la kawaida ni kukusanya karatasi za upande mmoja na kuzipiga pini kama zilivyo. Daftari la namna hiyo lina ukurasa mtupu, ukurasa wenye maandishi ya zamani, mtupu, wenye maandishi. Watoto hawalipendi, na wana haki.

Kunja kila karatasi ya A4 katikati, upande wenye maandishi ukiwa ndani. Unapata jani la nusu A4 ambalo nje yake ni tupu pande zote mbili, na kwa kuwa ni karatasi mbili zilizolala pamoja, wino haupenyi kirahisi. Mkunjo ukae upande unaofunguliwa kwa kidole, na kingo zilizo wazi zikae upande wa mshono. Vitabu vya China na Japani vilifungwa kwa namna hii karne nyingi, wakati karatasi zao zilichapwa upande mmoja tu. Karatasi 30 zinatoa kurasa 60 tupu na unene wa milimita 6 hivi.

Gonga rundo mezani kwa upande wa mkunjo mpaka mikunjo yote ilingane, kisha libane kwa vibanio viwili vya nguo. Kama kuna upande utakaopishana kidogo, uwe wa mshono, kwa kuwa utafunikwa. Majalada mawili yakatwe kwenye boksi, na mifereji ya ndani ya boksi iwe sambamba na mshono. Ikikatwa kinyume, jalada linakataa kukunjika na linachanika kwenye matundu ndani ya wiki moja. Kabla ya kushona, vuta mstari wa mkunjo sentimita 2 kutoka ukingo wa jalada kwa kalamu iliyoisha wino na rula. Hapo ndipo jalada litakapofungukia.

Matundu ni manne, sentimita 1 kutoka ukingo wa mshono. Urefu ni sentimita 21, kwa hiyo yapimwe kwenye sentimita 1.5, 7.5, 13.5 na 19.5. Toboa kwa msumari mwembamba na nyundo juu ya kipande cha ubao, rundo lote kwa pamoja likiwa bado limebanwa. Uzi wa pamba mnene wa mita moja unatosha. Anza tundu la pili: sindano itoke nyuma kuja mbele, ukiacha mkia wa sentimita 10 nyuma. Zungusha uzi kwenye uti wa daftari, urudi tena tundu lile lile kutoka nyuma kuja mbele. Nenda tundu la tatu, ingiza, zungusha uti. Nenda la nne, zungusha uti, kisha zungusha na ncha ya chini ya daftari. Sasa rudi: la tatu, la pili, ukijaza nafasi zilizobaki wazi. Malizia la kwanza, zungusha uti na ncha ya juu, rudi nyuma mpaka la pili, funga fundo na ule mkia. Ukikuta nafasi kati ya matundu mawili haina uzi mbele au nyuma, tundu moja limerukwa.

Mwanafunzi wa miaka kumi hulimaliza la kwanza kwa muda wa vipindi viwili, na la tatu kwa nusu saa. Pini za stepla zisitumike: stepla ya kawaida inashinda kwenye karatasi ishirini hivi, na hapa kuna unene wa sitini. Karatasi zenye majina na alama za wanafunzi, au barua za ofisi, zitolewe kabla ya kazi kuanza. Zimo ndani ya mkunjo, lakini mtoto yeyote ataupanua kuchungulia.

Karatasi ya mkono, kwa kiasi

Walimu hupenda kuanza na kutengeneza karatasi. Ni somo zuri la nyuzi, ila linakula maji mengi na siku mbili za kazi kupata karatasi chache, hivyo ningeliweka baada ya madaftari, kwa karatasi zilizotumika pande zote tu.

Karatasi 40 za A4, yaani gramu 200, zichanwe kwa mkono vipande vya sentimita 2 hadi 3. Kuchana huacha nyuzi ndefu zikining'inia pembeni; mkasi huzikata. Ziloweke usiku kucha, kisha zitwangwe au zisagwe kwenye blenda, konzi moja ya karatasi iliyolowa kwa lita moja ya maji, kwa nusu dakika. Ukisaga dakika tatu unakatakata nyuzi, na karatasi itatoka dhaifu. Uji ukiwa tayari, kijiko chake kikikorogwa kwenye glasi ya maji huonyesha mawingu sawasawa bila vipande vyenye herufi.

Unahitaji fremu mbili za mbao zenye nafasi ya ndani ya sentimita 15 kwa 21. Moja inavikwa wavu wa dirishani uliokazwa kama ngozi ya ngoma, nyingine haina wavu na inakaa juu ya wavu kuzuia uji usimwagike pembeni. Beseni liwe na lita 15 za maji na nusu ya uji. Koroga kwa mkono, zamisha fremu zote mbili kwa mshazari, zilaze chini ya maji, zinyanyue zikiwa sawa. Maji yakiwa bado yanashuka, zitikise mara moja mbele na nyuma, mara moja kulia na kushoto, kisha ziache. Mtikiso huo ndio unaofuma nyuzi. Ukitikisa maji yakiwa yameshaisha, karatasi inapasuka.

Subiri michirizi igeuke matone, toa fremu ya juu kwa kuinyanyua wima. Tone moja likidondoka kutoka kwenye fremu hiyo linaacha tundu la duara, na ndicho chanzo cha matundu mengi ambayo watoto huulaumu uji kwayo. Geuza wavu juu ya kitambaa kilicholoweshwa, kandamiza mgongo wa wavu kwa sifongo ukikamua maji, halafu inua ukingo mmoja taratibu. Karatasi ikibaki kwenye wavu, ama kitambaa kilikuwa kikavu au uji umekuwa mwepesi mno. Kila baada ya karatasi tatu au nne ongeza kikombe cha uji, kwa maana beseni linazidi kuwa maji matupu. Karatasi ikiwa nene katikati na nyembamba kando, wavu umelegea.

Panga karatasi na vitambaa vyake, weka ubao juu na ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, nusu saa. Zikaushwe kivulini zikiwa bado zimeshikamana na kitambaa au zimebandikwa kwenye kioo cha dirisha. Jua kali huzikunja kama majani makavu. Gramu 200 hutoa karatasi kati ya 30 na 40. Wino ukisambaa unapoandika, ni kwa kuwa karatasi haina kitu cha kuuzuia: pika vijiko viwili vya wanga katika nusu lita ya maji na umimine kwenye beseni kabla ya kuanza. Rangi itakuwa ya kijivu kwa sababu ya wino wa zamani, na hiyo si kasoro.

Karatasi ya magazeti hutoa karatasi dhaifu inayogeuka njano haraka. Kurasa laini za kung'aa zina tabaka la udongo mweupe linalofanya uji kuwa wa unga. Risiti za mashine zisiingie kabisa, wala kwenye mboji, kwa kuwa karatasi yake inayochapwa kwa joto mara nyingi ina kemikali ya bisfenoli. Uji uliobaki ukamuliwe uwe matonge na kukaushwa, ndoo ikikaa siku tatu kwenye joto inanuka. Usimwage uji kwenye sinki. Bomba litaziba, na hapo mkuu wa shule atakuwa na maoni yake kuhusu mradi.

Chupa ina plastiki mbili

Chini ya vyombo vingi kuna pembetatu yenye namba kati ya 1 na 7. Mfumo huo ulianza Marekani mwaka 1988, na namba inataja aina ya plastiki tu. Haiahidi kwamba kuna mtu atakayeirejeleza. Namba 1 ni PET ya chupa za maji na soda, 2 ni polietilini nzito ya madumu na chupa za sabuni, 3 ni PVC, 4 ni polietilini laini ya mifuko, 5 ni polipropilini, 6 ni polistairini na 7 ni mchanganyiko wa zilizobaki.

Jaribio la dakika kumi linafundisha zaidi ya jedwali hilo. Kata vipande vidogo vya chupa ya maji na vya kifuniko chake, vitumbukize kwenye glasi ya maji yenye tone la sabuni. Sabuni ni muhimu, bila hiyo vipovu vya hewa hung'ang'ania plastiki na kila kitu kinaelea. Kipande cha chupa kinazama, maana PET ni nzito kuliko maji. Cha kifuniko kinaelea, maana ni polietilini au polipropilini. Chupa moja, plastiki mbili. Baada ya hapo wanafunzi wanaelewa kwa nini viwanda husaga chupa na kuzitenganisha kwa maji.

PET huanza kulegea kwenye nyuzijoto 70 hivi, kwa hiyo chai moto ndani ya chupa ya maji huikunja. Shingo yake nyembamba haipitishi brashi, na mikwaruzo ya ndani huficha vijidudu. Kama mtoto anahitaji chupa ya kila siku, ya mdomo mpana inayosuguliwa ni bora. Chupa ya kutupwa ifanye kazi isiyohusu kinywa.

Kazi inayonipendeza ni chungu kinachojinywesha. Chukua chupa ya lita moja na nusu, ikate sentimita 13 kutoka mdomoni. Mtu mzima aanzishe kwa ncha ya kisu, watoto wamalizie kwa mkasi, na kingo zisuguliwe kwa msasa. Toboa kifuniko tundu la milimita 7, pitisha kitambaa cha fulana ya pamba chenye upana wa sentimita 2 na urefu wa 25. Geuza sehemu ya juu kichwa chini, iketi ndani ya kitako, kitambaa, ambacho ndicho utambi, kikining'inia kwenye maji. Ndani weka udongo sehemu mbili, mboji moja na mchanga moja, ukiushikilia utambi wima katikati udongo unapoingia. Utambi ukilala chini kwenye kifuniko, mizizi ya juu inakauka huku chini pakioza.

Chungu kikishindwa, mara nyingi ni kitambaa. Nguo nyingi ni poliesta au mchanganyiko, na poliesta haivuti maji inavyovuta pamba. Jaribu kwanza kwa kuning'iniza kipande kwenye maji ya rangi: baada ya dakika kumi rangi iwe imepanda sentimita kadhaa. Utambi uloweshwe kabla ya kuupitisha, na udongo umwagiliwe kutoka juu mara ya kwanza, kwani utambi mkavu kwenye udongo mkavu hauanzi kuvuta. Kitako kinachopitisha mwanga hugeuka kijani kwa mwani, kivike karatasi nzito. La hatari ni mbu. Kwenye joto yai huwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10, hivyo maji yamwagwe na kubadilishwa kila siku ya tano, na kabla ya likizo vyungu vyote vimwagwe. Vilevile kwa matairi na makopo yaliyoachwa nje.

Kuna vyombo ambavyo havina maisha ya pili shuleni hata vikisuuzwa mara tatu: vya dawa za wadudu, asidi, mafuta ya injini na vimumunyisho vya rangi. Betri hazifunguliwi. Taa ndefu za mirija mara nyingi zina zebaki. Plastiki haichomwi, hata kidogo tu kwa kuyeyusha matundu.

Mboji, na tatizo la likizo

Mabaki ya chakula na majani kwa kawaida ndiyo mazito kuliko yote kwenye ukaguzi. Rundo la mboji liwe na mita moja kila upande. Dogo zaidi haliwezi kushika joto lake. Sehemu tatu za vitu vikavu (majani makavu, boksi lililochanwa, maranda) kwa sehemu moja ya vibichi, kwa ujazo. Unyevu hupimwa kwa konzi: kamua, matone mawili matatu yatoke. Katikati likipata nyuzijoto 55 hadi 65 linafanya kazi. Fimbo ya chuma ikiachwa ndani dakika kumi itoke ya moto mkononi. Harufu kali ya amonia ina maana vibichi vimezidi, harufu ya yai viza ina maana hewa haiingii, geuza. Lisiponuka wala kupata joto, ni kavu au ni dogo. Nyama na mafuta hualika panya.

Ikitunzwa na kugeuzwa kila wiki hukomaa kwa miezi mitatu au minne, ambayo hugongana na likizo. Rundo linakauka, watoto wanarudi kukuta chungu cha makapi. Wiki moja kabla ya kufunga acheni kuongeza vibichi, mwagilieni vizuri, mfunike kwa magunia ya zamani na tabaka la majani la sentimita 15. Kabla ya kuitumia, otesheni mbegu 10 kwenye mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo na 10 kwenye udongo mtupu. Zikiota chache kwenye mboji, bado haijaiva.

Ukaguzi wa pili ufanywe baada ya wiki nane hadi kumi, darasa lile lile, siku zile zile za juma. Linganisheni gramu kwa mwanafunzi kwa siku, na mahudhurio yaandikwe kila asubuhi, maana jumla itashuka yenyewe wanafunzi watano wakiugua. Tarajieni pia kundi la "mengineyo" kuwa na asilimia kubwa kuliko mwanzo hata kama gramu zake hazijabadilika, kwa kuwa makundi mengine yamepungua. Watoto hushtuka wakiona hivyo. Wachoreeni nguzo mbili za gramu halisi, waone iliyokuwa ndefu imekuwa fupi kiasi gani, kisha wamwage kundi hilo juu ya turubai na kuanza kulichambua lenyewe.